Pumba za Kimuli

Kituntu, Karagwe
3 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi hapa tu wazima. Joanitha anakusalimu sana, anasema kikohozi kimekwisha na ile dawa yako ya majani usimtumie tena, maana alikuwa anaimwaga nyuma ya choo. Hayo ni maneno ya binti yako, mimi nayafikisha tu.

Unajua kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Kwetu Muleba nimelelewa kwamba mama wa mke haangaliwi usoni wala habishiwi, na kwenu Kyerwa nimekuta ni hivyohivyo. Ulipotutembelea Pasaka nilitokea mlango wa jikoni, nikashinda kwa jirani hadi ulipoondoka. Kwenye simu nako nikisikia sauti yako maneno yananipotea. Nabaki "ndiyo mama, ndiyo mama," nikikata najikuta sijasema nililolitaka. Kwenye karatasi angalau napumua. Na leo sikuandikii kama mama mkwe peke yake, nakuandikia pia wewe uliye mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima, maana nusu ya kahawa inayokobolewa kiwandani kwetu inatoka kwenu Kimuli.

Mama, kiwanda kiko pabaya. Gharama za umeme na dizeli zimepanda hadi bodi imeniita mimi meneja wake na kunipa msimu huu mmoja. Nikishindwa kuzishusha, mitambo yote itakodishwa kwa mfanyabiashara ambaye tayari ameshakuja kuipima kwa macho. Akiishika yeye, atawakobolea wakulima kwa bei anayoitaka, na mtu wa Kimuli hatakuwa na pa kwenda kulalamika.

Sijakaa bure. Mita yetu haihesabu tu umeme tunaoutumia. Inakumbuka pia ile mara moja ya mwezi tuliyovuta umeme mwingi kuliko zote, na kwa hiyo mara moja tunalipishwa. Zamani asubuhi vijana walikuwa wanawasha kila kitu kwa mkupuo, kinu, mapepeo, mashine ya kupanga punje, vyote vinanguruma pamoja. Sasa kinaanza kinu, kikitulia ndipo kinafuata kingine. Ghalani nimeondoa mabati kadhaa nikaweka yale yanayopitisha mwanga, mchana taa hazihitajiki. Mikanda iliyolegea nimeibadilisha. Gharama zimeshuka, lakini bado.

Kinachotumaliza ni kikaushio. Mwaka huu kuna kahawa inayohitaji kupitishwa humo kidogo kabla ya kukobolewa, na kinakunywa dizeli bila huruma. Nimepata wazo la kujenga tanuri linalochoma pumba za kahawa zenyewe. Kwa hiyo ombi langu, Mama, ni kwamba zile pumba ambazo lori huwarudishia kila linapoleta kahawa, msimu huu zibaki hapa.

Barua nimempa Pastory, dereva wa lori. Nasubiri neno lako.

Mkweo,
Cassian Mwesiga


Kimuli, Kyerwa
8 Juni 2024

Mkwe wangu,

Marahaba. Pastory amefika na barua yako ameificha ndani ya kofia, utafikiri ni siri ya serikali. Nimeisoma kwanza kama mama wa Joanitha, kisha nikaisoma kama mwenyekiti, na wote wawili tumekaa tukafikiri.

Mwambie huyo binti kwamba dawa aliyoimwaga ndiyo iliyomponya kwa harufu.

Jana baada ya misa niliwasomea wanachama maneno yako. Wamesikia. Nolasco, makamu wangu, alitaka kusema neno, nikamwomba alitunze.

Pumba hizo, baba, tunazijua. Marehemu mume wangu, mzee Kahigi, ambaye hukubahatika kumkuta, alikuwa harudi kutoka kiwandani bila gunia la pumba mgongoni, hata siku aliyokuwa mgonjwa. Kibanja chote cha juu, pale lilipo kaburi lake, kimelala juu ya pumba. Udongo wa pale ni mwembamba, chini ni mawe. Tunazitandaza shinani, zinashika unyevu, na kiangazi kinapita migomba haina habari. Hapa ukimkuta mtu ana migomba minene, usimuulize mbolea, muulize alirudi na nini kutoka Kituntu.

Lakini wewe ni mtoto wetu, na mambo ya mitambo unayajua wewe. Utakavyoona.

Nimekutumia mkungu mmoja wa matoke na kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani. Tafuna ukiwa unafikiri.

Mama yako,
Restuta Kokuberwa


Kituntu
22 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Sina namna ya kukushukuru. Niliposoma "utakavyoona" niliruka ofisini hadi karani akaja kuchungulia. Nilijua wewe utanielewa, na nimewaambia bodi kwamba Kimuli wamekubali kwa moyo mmoja.

Tanuri limejengwa kwa matofali ya Ihanda, hapa jirani, fundi wake hakulala. Jana tumeliwasha. Pumba zinawaka vizuri sana, Mama, moto wake ni mkali na hauna moshi mwingi. Pipa la dizeli limesimama pembeni halina kazi. Nilisimama pale nikamkumbuka mzee Kahigi, nikasema angeona pumba zake leo zinafanya kazi gani.

Lori linarudi kwenu bila mzigo, kwa hiyo Pastory amefurahi, anasema atapanda vilima akiimba.

Kahawa ya kutafuna nimeimaliza siku ileile.

Mkweo mwenye shukrani,
Cassian


Kimuli
5 Julai 2024

Mkwe wangu,

Marahaba. Hatujambo, ila jua limekuja na ukali wake.

Lori limekuja tupu tena. Mara ya kwanza watu walidhani Pastory amepitiwa. Mara ya pili walimzunguka, wakapanda nyuma kuangalia kama pumba zimejificha kwenye kona. Jana walisimama tu wakinitazama mimi. Mama mmoja, Vero, jirani yangu wa chini, aliniambia, "Waitu, mwenyekiti, kumbe binti yetu tulimwoza na migomba yetu." Wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Kibanja cha juu kimeanza. Majani yanakunjika mchana na jioni hayafunguki vizuri. Nimekata nyasi mlimani nikatandaza, lakini nyasi mwaka huu kila mtu anazitafuta, na mgongo wangu si wa kukata nyasi. Sijaandika ili kulalamika. Nakupa habari tu.

Lakini kuna swali linanisumbua, naomba unijibu. Mimi nimelima kahawa tangu sijaolewa. Kahawa tunaikausha sisi, juani, hapa nyumbani. Hiyo kahawa inayowekwa kwenye kikaushio, inakaushwa mara ya pili kwa sababu gani? Ya nani hiyo?

Nolasco anawaambia watu kwamba pumba unaziuza. Nimemkanya. Nisaidie kumkanya vizuri zaidi.

Mama yako,
Restuta


Kituntu
9 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeumia kusikia habari ya kibanja. Kuhusu pumba kuuzwa, naapa hakuna hata kiganja kilichotoka nje ya geti. Zote zinaingia tanurini, na tanuri ndilo lililotufikisha hapa bila bodi kunifukuza.

Kuhusu swali lako, ni utaratibu wa kiwanda tu. Hali ya hewa mwaka huu haikutulia, kuna ukungu wa asubuhi, kuna kahawa kutoka sehemu mbalimbali, na mashine za sasa zinataka kahawa iwe ya kiwango kimoja. Ni mambo ya kitaalamu, Mama, yatakuchosha bure.

Naomba uvumilie hadi msimu uishe. Nitatafuta namna ya kuwapelekea pumba kidogo mwezi wa kumi.

Mkweo,
Cassian


Kituntu
11 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Ni mimi Joanitha. Cassian hajui kwamba nakuandikia, na akijua atanuna hadi Krismasi, basi anune.

Nyinyi wawili mtaniua. Anakuja nyumbani na barua yako, anaisoma akiwa amesimama kama anasomewa Injili, anazunguka meza, anaandika, anachana, anaandika tena. Nikamuuliza, "Si umwambie tu?" Akasema, "Nimwambieje mama yako jambo kama hilo?" Basi nakuambia mimi, kwa sababu mimi ulinizaa na huwezi kunikataa.

Kahawa inayokaushwa mara ya pili ni yenu. Ni ya Kimuli, Mama. Ile ya Ihanda na ya hapa Kituntu inapita moja kwa moja kwenye kinu. Ya kwenu inakuja mbichi. Wana kifaa cha kupima unyevu pale mapokezi, na tangu lori la kwanza la msimu kinaonyesha hivyohivyo. Angeweza kulirudisha. Sheria inamruhusu. Lakini aliona jina lako kwenye hati ya mzigo akashindwa, akaona afadhali aikaushe kimyakimya kwa dizeli ya kiwanda. Dizeli ilipomshinda akajenga tanuri, na tanuri likataka pumba. Hapo ndipo ulipotoka ugomvi wote.

Mkweo anakuheshimu hadi anafilisi kiwanda. Sasa umeshajua. Usimpigie kelele sana, hali vizuri siku hizi.

Mwanao,
Joanitha


Kimuli
14 Julai 2024

Ndugu Meneja,

Nimepata habari kwamba kahawa ya wanachama wangu inapokelewa hapo kwako kama kahawa mbichi, na kwamba jambo hilo limefichwa tangu msimu uanze.

Kahawa ya Kimuli haijawahi kuwa mbichi. Haikuwa mbichi wakati wa mume wangu na haijawa mbichi wakati wangu. Hicho kifaa chako kitazame vizuri, au mtazame anayekishika. Wako watu wengi wanaopenda kuona kahawa ya Kimuli inaitwa takataka ili pumba zake zibaki kwao.

Niliposema utakavyoona, nilitegemea utaona. Mtu mzima akikueleza habari ya kaburi la mumewe na migomba iliyo juu yake, halafu akasema utakavyoona, hajakubali. Nilikuwa nakuomba. Nilidhani Muleba mnafundishwa.

Mzigo unaofuata nitakuja nao mimi mwenyewe. Lori halitarudi tupu.

Restuta Kokuberwa
Mwenyekiti


Kituntu, ofisini
19 Julai 2024, asubuhi

Mama,

Shikamoo. Joanitha ndiye anayevuka uwanja na karatasi hii. Nakuona dirishani. Umekaa juu ya lundo la pumba, wewe na akina mama wa Kimuli, mmetandika khanga na mnamenya viazi kama mliofika kukaa.

Vijana wa koleo wamegoma kusogea. Wanasema mama mkwe wa meneja hasukumwi, na akina mama wengine hawatasogea wewe ukiwa umekaa. Walinzi wameniuliza wafanyeje, nikawaambia atakayekugusa hana kazi. Mimi mwenyewe nimefika mlangoni, nikaona kilemba chako, miguu ikarudi ndani. Unajua kwamba siwezi kuja hapo, na ndiyo maana umekaa hapo. Naomba mpishe koleo zipite, halafu tuongee kwa barua kama siku zote.

Cassian


(nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Marahaba. Ndiyo, najua. Njia nzima nilikuwa nafikiri nikae wapi, na hapa ndipo nilipopapenda.

Barua zimetosha. Meneja akizitaka pumba, atoke aniombe ninyanyuke.

R.


Mchana

Mama,

Moto unakufa. Kikaushio kimejaa, kahawa iliyomo imepata joto nusu tu. Ikipoa hivyo itachacha na kuota ukungu, na hakuna mashine duniani itakayoirudisha. Dizeli sina, niliacha kuinunua kwa sababu ya tanuri. Mama, kahawa iliyomo ndani ni ya Kimuli. Ni ya hao uliokaa nao. Fikiria utawaambia nini.

Cassian


(nyuma yake)

Kahawa yetu haikuja mbichi. Nilishakuandikia, na sikuandika kwa kutania. Unataka kuniita mwongo mbele ya wanachama wangu, njoo uniite nikiwa nakusikia. Nimechoka kutukanwa kwa adabu.

Moto ukifa, umeuua wewe.

R.


Mama,

Nakuja. Naomba usiondoke na usijifunike uso, mimi nitaangalia pembeni. Nitabeba kisahani cha kahawa kutoka kwenye gunia ambalo hatujalifungua, lenye alama ya chama chenu. Gunia litafunguliwa hapo mbele yenu. Utamenya punje, uibane kwa jino kama mnavyofanya kwenu, na utakachokisema wewe ndicho kitakachokuwa.

Nikimaliza mstari huu sitakuwa na kisingizio kingine.

C.


Kimuli
22 Julai 2024

Mkwe wangu,

Sijui nianze na marahaba au na nini, maana siku ile hukuniamkia. Ulisimama pale na kisahani, umeukazia macho ukuta wa ghala, ukasema, "Mama, ni mbichi." Katika ndoa yenu yote hilo ndilo neno la kwanza uliloniambia ana kwa ana.

Nikaibana punje. Ilikubali jino kama muhogo uliochemshwa. Nilijua kabla sijaitema, na akina mama wote walijua nilipoitema. Nilinyanyuka ili kahawa ya watu isiharibike. Kushindwa sikushindwa, hilo liandike mahali.

Nilipofika nyumbani sikupitia hata jikoni, nilikwenda ghalani kwetu. Kahawa kavu ukiitikisa sikioni unaisikia inacheza ndani ya ganda lake. Nikatikisa ya gunia moja, kimya. La pili, kimya. La Nolasco kimya, la Vero kimya. Nikafika kwenye la kwangu nikaomba Mungu, na la kwangu nusu lilicheza na nusu lilikaa kimya.

Nikawaita watu wote, nikawauliza bila kuzunguka. Wakasema ni wezi. Bei imepanda, na kahawa inayolala nje inaondoka usiku, mtu anaamka anakuta uwanja umefagiliwa. Kwa hiyo watu wanaianua kabla ya wakati na kuikimbiza mizani, angalau ikipimwa ni yao. Hata kijana anayenisaidia mimi alikuwa anaianua mapema kwa hofu, akaogopa kuniambia. Na karani wetu alikuwa anaona kabisa kwamba ni mbichi, lakini kila anayeleta ni mjomba wake au shangazi yake, anamwamkia shikamoo, halafu amrudishe vipi? Nilipomkemea karani nilikukumbuka wewe, sauti ikanipungua.

Tumekubaliana hivi. Padri ametupa uwanja wa kigango, una uzio. Kahawa ya kijiji kizima inaanikwa pale kwenye maturubai, na familia zinalala zamu kuilinda. Halitapimwa gunia lolote kabla sijaitikisa kahawa yake mimi sikioni. Sisi tutakuletea kahawa kavu isiyohitaji tanuri wala dizeli, na wewe utaturudishia pumba zetu.

Sasa nikuambie ya moyoni. Nimekukasirikia, na sijapoa. Neno moja lile ungeliniambia Juni, migomba ya mzee Kahigi ingekuwa imesimama. Safu mbili za juu zimekwisha lala. Umenitunzia heshima kwa pumba za kibanja changu, na mimi sikukuomba heshima ya namna hiyo.

Najikasirikia na mimi pia. Nilikuwa na neno "hapana" mdomoni, nikalimeza kwa sababu wewe ni mkwe. Sijui tulikuwa tunaheshimiana au tunaogopana.

Mama yako,
Restuta


Kituntu
21 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo, na safari hii naiandika kwa sauti, Joanitha ni shahidi.

Pumba mmezipata, Pastory ameniambia watoto walilifuata lori hadi kwako. Hazitainua migomba iliyolala, najua, na hilo linaniuma. Nitakuja mwenyewe kutandaza zilizobaki ukiniruhusu kufika.

Sasa habari za huku. Malori yenu yote tangu mwanzo wa mwezi yamepita moja kwa moja kwenye kinu. Kikaushio kimezimwa, na feni lake pia limezimwa, ambalo peke yake lilikuwa linakula umeme kuliko taa zote za ghala. Tanuri limepoa, kuku wa mlinzi anatagia humo. Nilihangaika na mikanda na mabati na saa za kuwasha mota, na vyote vilisaidia, lakini hakuna kilichoshusha gharama kama ule uwanja wenu wa kigango. Fundi mzima nilikuwa natafuta moto wa bei nafuu wa kukaushia kahawa, na jua liko bure.

Usifurahi sana bado. Bodi inakaa mwisho wa Septemba. Mkataba wa yule mfanyabiashara umeshachapwa, unasubiri saini tu. Mwenyekiti wa bodi amenipa sharti moja, kwamba tufunge msimu bila kukiwasha tena kikaushio, si kwa dizeli wala kwa pumba. Kwa hiyo hakuna nafasi ya kuteleza. Lori moja tu likija bichi, nikalipokea, nitalazimika kuwasha, na kiwanda kimekwenda.

Nasikia mna uchaguzi wa chama na Nolasco anazunguka nyumba kwa nyumba. Sitaki kuingilia. Nasema tu kwamba nasali.

Mkweo,
Cassian


Kimuli
17 Septemba 2024

Mkwe wangu,

Marahaba. Nakuandikia haraka, lori linapakiwa na Pastory ameshaanza kupiga honi.

Wamenitoa. Nolasco ndiye mwenyekiti tangu Jumapili. Aliwaambia watu kwamba nawarudishia magunia kwa sababu mkwe wangu amenituma, kwamba Kimuli sasa inatawaliwa kutoka Kituntu, na kwamba akichaguliwa yeye mizani itakuwa wazi kwa kila mtu bila kutikisiwa kahawa sikioni kama mtoto anayechunguzwa meno. Wakapiga makofi. Vero naye alipiga makofi. Nilikaa pale nimefumba mikono, na roho iliniuma kuliko nilivyodhani itaniuma.

Na kweli mizani imekuwa wazi. Mvua zimeanza, watu wameanua kila kitu walichokuwa nacho, kavu na mbichi, karani amepokea. Kilichonimaliza ni jana. Nimefika ghalani nikakuta wamefungua magunia yote na kuyamwaga pamoja kwenye sakafu, wanachanganya kwa koleo, ili ile kavu iifiche ile mbichi. Kavu yenyewe ni ya kwangu, na ya wachache waliobaki nami kigangoni. Kahawa yangu ya mwaka mzima, mkwe wangu, niliyoilalia na kuilinda, ilikuwa chini ya miguu ya vijana. Nikapiga kelele. Nolasco akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, tulia, meneja si wa kwenu? Atapokea. Hawezi kuirudisha kahawa ya mama mkwe wake."

Hilo ndilo wanalolitegemea. Jina langu wameliandika la kwanza kabisa kwenye hati ya mzigo, juu, ulione unapofungua.

Barua hii inasafiri na mzigo huohuo. Pastory hajui imeandikwa nini, anadhani nakusalimia.

Najua itakavyokuwa ukiirudisha. Huku mvua haikati, na kahawa iliyokwisha kuchanganywa hivyo haitakauka tena kabla ya kuota ukungu. Yangu itaoza na ya wenzangu, mwaka huu sitavuna kitu. Watu watasema mkwe wangu amenitukana mbele ya dunia nzima, na wataacha kupita kwangu. Nimeyafikiria yote hayo tangu jana na nimelia nikamaliza. Lakini kiwanda kikienda kwa yule tajiri, hakuna atakayetukobolea kwa haki mimi wala hao waliopiga makofi, mwaka huu wala miaka ijayo.

Weka kile kifaa chako kwenye gunia la kwanza, lenye jina langu. Kikikuambia ni bichi, usilitafutie sababu, wala usiende kuwasha kitu. Lirudishe, na yote yaliyo nyuma yake uyarudishe.

Usinionee haya, mwanangu.

Mama yako,
Restuta